Karatasi za Kumfuata Mume: Nani Kathibitisha, na Kajuaje?

Ninaandika haya kwa wake na waume wa Unguja na Pemba ambao wenzao wako Uingereza na wanataka kuwafuata kwa viza ya familia. Mimi ni mzaliwa wa Wete. Mume wangu anafanya kazi ghalani, Coventry. Tulioana Wete, yeye akarudi kazini, nami nikabaki kwa wazee wangu kusubiri karatasi. Ombi la kwanza lilikataliwa, la pili likakubaliwa. Ndoa ilikuwa ileile na mshahara uleule. Baina ya ombi la kwanza na la pili tulikaa na orodha ya karatasi zinazotakiwa, tukalitazama kila neno la Kiingereza lenye maana ya kuthibitisha, na kwa kila neno tukajiuliza: linamtaka nani aseme, na huyo mtu awe amejuaje?

Kwetu Pemba kazi hiyo yote ina jina moja. Ukipeleka karatasi popote unaambiwa, "Kaithibitishe kwanza," na kila mtu anaelewa kwamba maana yake ni kwenda kugongewa muhuri. Sheha ana muhuri, skuli ina muhuri, wakili ana muhuri, ofisi ya wilaya ina muhuri. Waingereza wana msururu wa maneno: certify, attest, verify, confirm, vouch, affirm, authenticate. Katika kamusi ndogo iliyokuwepo nyumbani karibu yote yanaishia kwenye "thibitisha". Kwenye faili la viza kila moja lina mtu wake.

Mara ya kwanza kazi yote aliachiwa wakala mmoja wa mjini ambaye watu walimsifu. Alizichukua karatasi zetu kwa wakili, zikapigwa muhuri kila ukurasa, na tukalipa kwa ukurasa. Kisha akazipeleka kwenye ofisi nyingine, zikapigwa muhuri tena. Faili lilirudi limenona. Wino wa buluu, wino mwekundu, saini juu ya saini. Mama yangu alilifungua akasema, "Hili sasa hawawezi kulikataa."

Gharama niziseme wazi, kwa sababu watu huzificha kisha mwenzao anaingia bila kujua kina. Tuliomba baada ya Aprili 2024. Ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa paundi 1,846. Ada ya afya, ambayo hulipwa yote kwa pamoja kabla ya kusafiri, ilikuwa paundi 3,105. Juu ya hizo kuna kipimo cha kifua kikuu Dar es Salaam, maana anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima apimwe, na cheti chake kinaisha baada ya miezi sita. Kuna mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, kusema na kusikiliza. Kuna boti kutoka Mkoani hadi Unguja, na nyingine kutoka Unguja hadi Dar, na kulala kwa jamaa, na kula. Kwa upande wa mume, kiwango cha kipato cha anayemwita mwenzake kilikuwa kimepanda Aprili hiyo, kutoka paundi 18,600 kwa mwaka hadi 29,000, na alikuwa akifanya kazi za ziada ili afike. Baba yangu alitoa pesa za karafuu za msimu mzima. Mama aliuza bangili.

Jibu lilikuja kwa barua pepe, mimi niko jikoni. Sitaandika barua nzima. Walisema tafsiri ya hati ya ndoa haimtaji aliyetafsiri kwa namna wanayoweza kumfuatilia. Walisema barua ya mwajiri haielezi aina ya ajira. Walisema barua za watu waliotutolea ushahidi hazionyeshi wanatujua vipi. Na kwa hiyo hawakuridhika kwamba uhusiano wetu ni wa kweli na unaendelea. Kwa Kiingereza chao ni "genuine and subsisting", na maneno hayo yamo ndani ya kanuni zao za uhamiaji.

Nilikaa chini. Kuambiwa na mtu ambaye hajakuona kwamba ndoa yako haijathibitika, ndoa iliyofungwa na kadhi, baba yako akiwa walii, jamaa na majirani wakiwa wamejaa msikitini, ni maumivu ambayo sikuyatarajia. Niliona haya kumwambia baba. Kwa siku kadhaa sikutoka nje, kwa kuwa kila jirani alikuwa akiuliza, "Vipi, safari lini?" Mume wangu alikuwa analia upande wa pili wa simu na mimi huku. Ikiwa umepata barua kama hiyo, jua kwamba kukataliwa karatasi hakuigusi ndoa yako mbele ya Mungu wala mbele ya watu wako. Nililihitaji neno hilo wakati ule, na aliyeniambia ni mjomba.

Ada ya afya hurudishwa ombi likikataliwa. Ada ya ombi hairudi. Kuna haki ya kukata rufaa, na aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apate barua. Tulipata ushauri wa mwanasheria wa mambo ya uhamiaji huko huko Coventry, akatuambia kwa kesi yetu ni bora kuomba upya na karatasi zilizonyooka kuliko kuzipigania zilizopinda. Kwa kesi yako inaweza kuwa kinyume. Uliza kabla siku 28 hazijapita.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alisomesha Kiingereza skuli za sekondari Pemba mpaka akastaafu. Alikuja na kalamu nyekundu na kamusi yake kubwa ya zamani. Akaiweka ile barua mezani na kuniambia nipige mstari chini ya kila kitendo kinachohusu ukweli. Kisha akawa ananiuliza maswali yale yale mawili kwa kila mstari: nani anasema, na kajuaje? Tuliendelea hivyo mpaka usiku. Nilianza kuona kwamba muhuri wote ule ulikuwa umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Tuanze na tafsiri, kwa sababu hati yetu ya ndoa ni ya Kiswahili na hapo ndipo wengi wanaangukia. Kanuni yao inataka kila karatasi isiyo ya Kiingereza au Kiwelsh iambatane na tafsiri ambayo wao wenyewe wanaweza kuifuatilia. Ndani yake mtafsiri aandike kwamba ni tafsiri sahihi ya karatasi ya asili, aweke tarehe aliyotafsiri, jina lake kamili, saini, na jinsi ya kumpata. Tafsiri ya kwanza ilikuwa na muhuri wa duara wenye neno "Certified" peke yake. Hakuna aliyejulikana kuwa ndiye aliyethibitisha, wala alichothibitisha. Certify linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuwa na hakika, na mwenye hakika lazima awe mtu mwenye jina. Mara ya pili tulimpata mtafsiri ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Aliandika sentensi nzima chini ya tafsiri, akaweka simu na barua pepe, na akatafsiri kila kitu kilichomo, pamoja na maandishi yaliyo ndani ya muhuri wa kadhi na tarehe ya Kiislamu iliyo pembeni ya ile ya kawaida. Mtafsiri wa kwanza alikuwa ameiacha tarehe ya Kiislamu, na mtu asiyeijua angeweza kudhani hati ina jambo lililofichwa.

Nakala nazo zina utaratibu wake, ingawa kwa viza tulipakia karatasi zetu za asili kwa mtandao na hapo nakala hazikutusumbua sana. Zitakusumbua baadaye, benki na kwingineko. Serikali ya Uingereza yenyewe inaeleza jinsi nakala inavyothibitishwa: anayethibitisha aione karatasi ya asili kwa macho yake, aandike juu ya nakala kwamba ni nakala ya kweli ya karatasi aliyoiona, atie saini na tarehe, aandike jina lake kwa herufi za kusomeka, kazi yake, anwani na simu. Awe mtu wa heshima katika jamii, kama mwalimu, wakili, afisa wa benki au kiongozi wa dini, na asiwe ndugu yako wala mtu mnayeishi naye. Ukimpelekea mtu nakala bila ya asili naye akakugongea muhuri, amekudhuru. Mwambie kwa adabu: "Samahani, naomba uitazame na hii ya asili."

Neno confirm lilihusu barua ya mwajiri. Anayetakiwa hapa ni yule ambaye tayari ana daftari mkononi. Hakuna haja ya kumsifu mtu. Barua ya kwanza ilisema kampuni inathibitisha kwamba mume wangu ni mfanyakazi mzuri, mwaminifu na mwenye bidii. Yote kweli, na yote hayakuulizwa. Wanachotaka ni kwamba ameajiriwa na mshahara wake wa mwaka kabla ya makato ni kiasi gani, ameajiriwa kwa muda gani, kiwango hicho cha mshahara amelipwa tangu lini, na ajira ni ya kudumu, ya mkataba wa muda au ya kupitia wakala wa ajira. Hayo manne. Kisha hati za malipo za miezi sita, na taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, pesa zionekane zikiingia kiasi kilekile kilichoandikwa. Mume wangu aliandika yale mambo manne kwenye karatasi akaipeleka kwa afisa wa utumishi, na barua mpya ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifundisha zaidi, nalo ni mashahidi.

Mnajua ndoa zetu. Nikahi inafungwa msikitini, wanaume wako huko, bwana harusi yuko huko. Biharusi yuko nyumbani, na walii huja kumuuliza idhini yake. Kwa hiyo mimi sina picha hata moja ya mimi na mume wangu tukitia saini pamoja mbele ya kadhi, kwa kuwa jambo hilo halikutokea. Afisa aliyezoea harusi ambapo wawili wanasimama bega kwa bega anatafuta picha hiyo na haioni. Lazima mtu amweleze ndoa ilivyofungwa, na mtu huyo ni yule aliyekuwepo.

Katika faili la kwanza kulikuwa na barua za wazee wa mtaani. Wakala aliziandika zote yeye, kwa Kiingereza, na zilifanana neno kwa neno: wanathibitisha kwamba sisi ni mke na mume tunaopendana sana. Wazee walitia saini kitu wasichoweza kukisoma. Nikifikiria jambo hilo mpaka leo linanikera. Mzee wa watu, anayeswali safu ya mbele, anaogopa kutoa ushahidi wa uongo kuliko anavyoogopa mauti, anawekewa maneno mdomoni. Na kama mmoja wao angepigiwa simu na kuulizwa alichoandika, angejibu nini?

Mjomba alinionyesha maneno mawili. La kwanza ni attest. Linatokana na testis la Kilatini, shahidi, na wataalamu wa lugha wanasema asili yake ni mtu wa tatu anayesimama pale: wawili wanapatana, wa tatu anaona. Hilo kwetu si geni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi waitwe, na inawakataza mashahidi kukataa wanapoitwa. Nikahi yenyewe haisihi bila mashahidi wawili. Yaani jambo ambalo Waingereza walikuwa wanalitafuta tulikuwa nalo tangu siku ya kwanza, na halikuwemo ndani ya faili.

Neno la pili ni vouch, na asili yake ni kuita. Katika mahakama za zamani za Uingereza, mtu aliyedaiwa ardhi aliweza kumwita yule aliyempa ardhi ile aje asimame nyuma ya neno lake. Anayesema hivyo kwa ajili yako anatia jina lake rehani. Kwa hiyo hatakiwi kuwa mtu mkubwa tu. Anatakiwa akujue.

Tulivigawa vitu viwili hivi. Mashahidi wawili wa nikahi, kila mmoja kwa maneno yake na kwa Kiswahili, waliandika walichokiona: siku gani, msikiti gani, baada ya sala gani, nani aliozesha, walii alikuwa nani, mahari yalitajwa kiasi gani, idhini yangu ililetwa vipi. Hawakuandika kwamba tunapendana. Hawawezi kulijua hilo na hawakuliona msikitini. Barua zilitafsiriwa kwa utaratibu uleule wa hati ya ndoa, na Kiswahili chao kikaambatanishwa. Msiogope barua ya Kiswahili. Barua ya kweli ya Kiswahili yenye tafsiri nzuri ina uzito kuliko Kiingereza cha kukopa.

Wa kututolea neno kwa maana ya vouch walikuwa wengine: jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyemuona mume wangu akija likizo na kukaa nyumbani kwetu, na rafiki wa mume wangu huko Coventry, aliyekuwa naye chumba kimoja akisikia simu zetu kila usiku. Kila mmoja alieleza alianza kumjua nani, lini, kwa sababu gani, na ameona nini yeye mwenyewe. Waliweka nakala ya kitambulisho, simu na saini. Barua za wazazi tuliziweka pia, lakini si mbele, kwa kuwa mzazi anatarajiwa kusema mazuri.

Sheha naye tulimuomba barua ya kile anachokijua kama sheha: kwamba mimi ni mkaazi wa shehia yake, naishi nyumba fulani na wazee wangu, na kwamba mume wangu aliripotiwa kwake alipokuja. Zamani angeandika na mengine kwa kutusaidia. Tulimwambia, "Sheha, tuandikie unalolijua kwa kazi yako tu, litatutosha." Akafurahi. Nadhani viongozi wetu wengi wanaandika ya ziada kwa huruma, na huruma hiyo inamponza anayesaidiwa.

Kiapo kilikuwa na kisa chake. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa jina la babu ni Khamis, kwenye hati ya ndoa ni Hamis, kwenye pasipoti Hamisi. Kwetu hilo ni jina moja na hakuna anayeliuliza. Kwa asiyetujua ni watu watatu. Dawa yake ni kiapo cha maandishi, ambacho mawakili wetu hukiita afidaviti. Kile cha kwanza kiliandaliwa na wakala, na kilirudi kimeshasainiwa na wakili ambaye sikuwahi kumuona uso wake. Hilo halifai kabisa. Kiapo ni neno la mwenyewe, na wakili, kama kamishna wa viapo, anashuhudia kwamba mwenyewe alikuja mbele yake, akatia saini siku ile, mahali pale. Mara ya pili nilipanda gari mpaka Chake Chake mwenyewe. Wakili alinisomea kila kifungu, akaniuliza kama nimeelewa, akanitazama nikitia saini, akaandika jina lake, mahali na tarehe. Baba alitoa cha kwake pia, kwa kuwa jina la baba yake anayelijua ni yeye kuliko mimi.

Wakili aliponiuliza dini yangu, nikasema Muislamu, akaandika kwamba nina-affirm, yaani natamka kwa dhati, badala ya kuapa. Niliingiwa na wasiwasi. Nilidhani wameniandikia neno la chini, kama kwamba kiapo changu ni nusu. Niliporudi mjomba alinieleza jinsi neno hilo lilivyopata nafasi yake Uingereza. Waumini wa Quaker, madhehebu ya Kikristo, walikataa kuapa, kwa kuwa Injili inasema msiape kabisa, na wakateseka kwa ajili hiyo mpaka sheria ya 1695 ikawaruhusu kutamka kwa dhati bila kuapa. Miaka mingi baadaye Charles Bradlaugh, mtu asiyeamini Mungu, alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880 akazuiwa kushika kiti chake kwa ajili ya kiapo, na ugomvi ule ukazaa sheria ya 1888 iliyomruhusu asiye na dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, atamke kwa dhati badala ya kuapa. Sheria yao ya viapo ya 1978 inasema tamko hilo lina nguvu sawasawa na kiapo. Na Tanzania ndiyo mazoea ya mawakili: Mkristo huandikwa anaapa, Muislamu huandikwa anatamka kwa dhati. Ukisema uongo ndani yake, adhabu ni ileile. Kwa hiyo dada yangu, ukiliona neno hilo kwenye karatasi yako usimgombeze wakili.

Verify, yaani kuhakikisha, ni kazi ya maafisa wa viza, siyo yako. Wewe unawatengenezea njia. Hati yetu ya ndoa ilikuwa na namba ya simu ya ofisi iliyokatwa zamani. Afisa akitaka kuuliza, simu inalia hewani, na yeye anaandika kwamba hakuweza kuhakikisha. Nilikwenda ofisini kwa heshima nikaomba barua fupi yenye namba ya hati yetu kwenye daftari, jina na cheo cha anayetunza daftari, na namba inayopokewa saa za kazi. Mashahidi wote tuliwaambia wawe na simu hewani, na kwamba wakipigiwa na Mzungu au mtu mwingine wa ubalozini waseme wanalolijua, na wasilolijua waseme hawajui. Mzee mmoja aliuliza, "Nikisema sijui si nitakuharibia?" Nikamwambia, "Hapana baba, hapo ndipo watakapokuamini kwenye yale unayoyajua."

Na authenticate, neno ambalo lilitumalizia pesa bure. Ule muhuri wa ofisi ya pili ulikuwa ni wa kuthibitisha saini na muhuri wa wa kwanza, kwamba aliyesaini ni afisa kweli. Hausemi lolote kuhusu yaliyoandikwa ndani. Ndivyo ilivyo hata kwa ile apostille, cheti cha kuifanya karatasi itambulike nchi nyingine, ya mkataba wa The Hague wa 1961: inahusu saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, basi. Ukienda Dubai utaambiwa upite wizarani na ubalozini, na huko ni lazima, ndugu zangu wamepita. Kwa viza yetu ya Uingereza hakuna aliyeuomba msururu huo. Soma kwanza nchi unayokwenda inataka nini, kabla hujafungua pochi.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uzito. Nilipokataliwa walikuja watu kuninong'oneza kwamba yuko mtu anayeweza kunitengenezea karatasi yoyote, na muhuri wake huwezi kuutofautisha. Usithubutu. Ukigundulika umetumia udanganyifu kwenye ombi la viza ya Uingereza unaweza kufungiwa miaka kumi. Mtu mwenye ndoa ya kweli ana haja gani ya karatasi ya uongo?

Ombi la pili lilikuwa jembamba. Mbele tuliweka barua ya ukurasa mmoja ya mume wangu ikieleza ombi la kwanza lilikataliwa kwa nini, na kila sababu sasa imejibiwa na karatasi gani. Ilinibidi nipimwe kifua upya, maana cheti kilikuwa kimeisha muda. Tulilipa ada zote tena, mume wangu akiwa amekopa kwa wenzake. Kusubiri kulichukua miezi, na jibu lilipokuja nilimpa baba simu asome yeye kwanza.

Viza hii ni ya miezi 33. Kabla haijaisha unaomba kuongezewa miezi mingine 30, na unaulizwa tena kama ndoa ni ya kweli na inaendelea, na ukitimiza miaka mitano ndipo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo tangu wiki niliyofika Coventry tumeweka boksi chini ya kitanda, na kila barua inayokuja na jina langu au la mume wangu au yote mawili inaingia humo: ya benki, ya daktari, ya halmashauri kuhusu kodi yao ya council tax, ya umeme. Anayekuja afanye hivyo tangu barua ya kwanza, na amuombe mwenye nyumba aandike majina yote mawili kwenye mkataba, kwa sababu kuja kuyaongeza baada ya miaka miwili ni kazi kubwa.